Matoleo Arobaini na Manne ya Kengele

"Hapo ni mwisho, mama. Mwanzo uko huku."

Fausta aliinua mkono wake kama aliyegusa sufuria ya moto. Alikuwa amelilaza jarida mezani, mgongo ukiwa kushoto, kama alivyolaza vitabu kwa miaka thelathini na minane, na alichokiona kilikuwa tangazo la kalamu za rangi. Msichana aliyesimama mbele yake akaligeuza. Mgongo ukawa kulia. Juu ya jalada palikuwa na binti wa kuchorwa, macho makubwa kama ya swala, akining'iniza kengele ndogo dirishani.

"Linasomwa kutoka kulia," msichana alisema. "Ni la Kijapani."

"Na wewe ni wa wapi?"

"Kijiji cha Mbingu. Naitwa Mbuke."

Jina la Kisukuma. Fausta alizitazama ndala zake zilizoganda tope, kisha maboksi mawili aliyoshuka nayo kwenye bodaboda, yamefungwa kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Ndani mlikuwa na majarida arobaini na manne, yamepangwa vizuri kuliko madaftari ya ofisi nyingi. Watoto wa wafugaji aliowajua walileta vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa, au Biblia. Hakuna aliyewahi kuleta Kijapani.

"Umeyapata wapi?"

"Niliachiwa na mwalimu wangu wa hesabu. Alikuwa Mjapani, wa kujitolea. Korona ilipoanza wakaitwa kwao, akapewa siku tatu za kufunga mizigo." Mbuke aliongea polepole, kama anayevuka daraja la miti. "Nataka yajalidiwe manne manne, vitabu kumi na kimoja. Jumamosi ya wiki ijayo tunahamia Lindi, na ng'ombe. Yakienda hivihivi kwenye lori, yatafika makaratasi."

Fausta aliyapokea. Lakini aliandika jina, namba ya simu na kijiji, na mbele ya msichana akahesabu kurasa za kila jarida, moja baada ya jingine, mpaka jua likahama kutoka mlangoni. Mbuke hakuuliza sababu. Nalo hilo Fausta akalitilia shaka.

Sababu ilikuwepo. Miaka mitatu nyuma, mwanaume mmoja mtanashati alimletea daftari la mihtasari ya mikutano ya kijiji fulani, mgongo umevunjika, akaomba lijalidiwe upya. Fausta alilijalidi. Miezi minane baadaye polisi walisimama mlangoni pake: ndani ya daftari lile kulikuwa na kurasa nne ngeni, na kwenye kurasa hizo ekari mia mbili za bonde zilikuwa zimebadili mmiliki. Alipanda kizimbani mara mbili kueleza kwamba hakuhesabu kurasa. Wakulima walisema amehongwa na wafugaji. Wafugaji walisema amehongwa na wakulima. Kwenye jumuiya ya kanisa, wanawake aliosali nao tangu usichana wakaanza kunyamaza akiingia. Hakufungwa. Ila tangu siku hiyo alikuwa na kanuni moja: kitabu kitatoka kama kilivyoingia.

Kazi yenyewe aliifundishwa na bruda mmoja katika karakana ya misheni, akiwa na umri wa miaka ishirini: kung'oa pini, kushona kwa uzi uliopakwa nta, kupika gundi ya unga wa ngano, kubana, kusubiri. Bruda alimwambia kwamba fundi wa kujalidi hahitaji kujua kusoma kitabu ili akijue. Kwa majarida haya Fausta aliona maana ya maneno hayo. Hakujua hata herufi moja, lakini maisha ya jarida lile yalipita mikononi mwake kuanzia toleo la kwanza. Mwaka wa kwanza lilikuwa jembamba, limebanwa kwa pini zilizokaa upande. Waliolitengeneza walikuwa wachache na walikuwa na haraka. Mwaka wa tatu lilinenepa, likatiwa karatasi za rangi, waridi na kijani kibichi, zinazonyonya wino kidogo. Mwaka wa sita lilikuwa nene kama tofali, na mgongo wake ulikuwa wa gundi nzuri isiyopasuka. Mwaka wa nane gundi ikabadilika. Fausta aliigusa kwa ukucha, ikabanduka kama gamba. Kurasa zilikuwa zilezile na rangi zilikuwa zilezile, wasomaji wasingetambua lolote, lakini yeye alijua. Jarida likianza kufa huanzia kwenye gundi. Mwaka wa kumi na moja lilirudi kuwa jembamba kuliko lilivyozaliwa.

Kulikuwa pia na maandishi ya penseli. Ndani ya vile viputo wanamosemea watu wa kuchorwa, mtu alikuwa ameandika Kiswahili kidogokidogo. *Bibi, nimechelewa. Samaki wameisha?* Mwanzoni Fausta aliyaangalia kama anayetafuta ujumbe wa siri. Kisha akajikuta ameketi, miwani imeshuka puani, anamfuata yule binti wa kengele aliyelelewa na bibi yake muuza samaki, toleo hadi toleo, akisahau gundi jikoni mpaka ikaungua.

Jumamosi alifika toleo la mwisho, la arobaini na nne. Ndipo alipouona muhuri.

Ulikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, kona ya juu. Muhuri wa buluu wa shule ya sekondari aliyoijua vizuri, kwa maana madaftari yake ya mahudhurio aliyajalidi yeye. MALI YA SHULE. Fausta alivuta matoleo mengine yote. Kwenye kila ukurasa wa kwanza, kona ya juu, palikuwa na tundu la mraba, limekatwa kwa wembe kwa mkono usiotetemeka. Alikuwa ameyaona matundu yale siku ya kwanza, akadhani ni kuponi, kwamba Wajapani hukata na kutuma; muhuri huo mmoja ulimpita akihesabu.

Alifunika majarida kwa kitambaa, akaketi. Alisikia tena ile sauti ya mahakamani: *Mama, wewe ulidhani ni nini?*

Jumatatu Wendelin alikuja kuchukua madaftari ya shule. Alikuwa mtunza stoo wa pale, mtu mpole, mwenye mvi, aliyefahamiana naye tangu wote wakiwa vijana. Fausta alimfungia mzigo wake, kisha, bila kumtazama, akauliza.

"Hivi kaka Wendelin, shuleni kwenu mliwahi kuwa na vitabu vya Kijapani? Vya picha?"

Mikono ya Wendelin ilisimama juu ya fundo la kamba.

"Vilikuwepo. Yule mwalimu aliviacha, tukavigonga muhuri. Mwaka uliofuata wakaguzi walikuwa wanakuja, mkuu wa wakati ule akasema havisomeki, vinajaza stoo. Nilivichoma mimi mwenyewe, shimoni. Nikaandika kwenye daftari la stoo, nikasaini." Akageuka. "Kwa nini unauliza, mama Beno?"

"Nimeuliza tu."

Lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye kitambaa, na Wendelin aliyaona yalikokwenda. Alisogea, akainua pembe moja. Yule binti wa kengele alimtazama kwa macho yake makubwa. Wendelin alirudisha kitambaa taratibu, kama anayefunika mgonjwa.

"Nani kaleta?"

"Mteja."

"Nimebakiza mwaka na nusu nistaafu," alisema. "Haya yakionekana popote, mimi ndiye niliyesaini uongo. Wataanza kuuliza na mengine ambayo sikuyafanya. Unajua wewe mambo ya kuulizwa." Alibeba madaftari yake. "Alhamisi nakuja na gunia. Usimwambie mtu."

Alipoondoka, Fausta alipiga simu Mbingu. Hakusalimia.

"Uliniambia uliachiwa."

Upande wa pili ng'ombe alilia mbali.

"Aliniachia mimi," Mbuke alisema. "Nikiwa kidato cha pili. Yale ya penseli aliniandikia yeye. Maboksi nyumbani yangeloa, baba alikuwa hajaezeka bati, nikamwomba ayaweke maktaba. Wakayagonga muhuri. Mwaka uliofuata nikawa kwenye zamu ya usafi, nikaambiwa nipeleke makaratasi shimoni. Nikaona maboksi yangu. Mle shimoni nikaweka madaftari ya zamani ili moto uwe na cha kula, haya nikayapitisha nyuma ya jiko." Akapumua. "Kama ni wizi, sijui, mama. Nilikata mihuri kwa sababu niliogopa."

"Umesahau mmoja."

"Sijasahau. Lile la mwisho, nyuma ya muhuri kuna barua ya mwalimu."

Alieleza, na sasa maneno yalitoka haraka. Jarida lile lilianzishwa na wanawake watatu, kwenye chumba kimoja juu ya duka la samaki, kwa sababu waliona wasichana wa miaka kumi na mitatu wanaandikiwa na wazee wasiowajua. Lilitoka mara nne kwa mwaka. Mwalimu alianza kulisoma akiwa darasa la tano, alilirithi kwa dada yake. Simu zilipoingia, wasomaji wakapungua. Wale wanawake wakalibeba miaka mitatu ya mwisho kwa mishahara yao ya kazi nyingine. Walipofunga, toleo la mwisho walilianza na barua za wasomaji badala ya picha, na barua ya tatu ilikuwa ya mwalimu. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

"Anasema nini?"

"Anasema alikuwa mtoto asiyeongea. Darasa zima walimdhania ana dharau. Lile jarida ndilo lilikuwa likimsalimia. Na mimi pale shuleni walikuwa wananiita mchunga. Mama, mbona umeniuliza leo? Kuna mtu umemwambia?"

Fausta angeweza kusema hapana.

"Nimemwambia Wendelin wa stoo. Anakuja Alhamisi. Njoo mapema."

Simu ilikatwa bila kuagana.

Siku mbili na nusu Fausta hakufanya kazi nyingine. Alishona mpaka kidole cha shahada kikafanya mfereji. Kwa kitabu cha kumi na moja alisimama muda mrefu, kisu mkononi. Bruda alimfundisha kuchana karatasi unene wake, ukurasa mmoja ukawa miwili myembamba. Angeweza kuuondoa muhuri na kuiacha barua, na hakuna hakimu ambaye angejua. Alikirudisha kisu kwenye ala. Alikishona kitabu kama kilivyoingia, muhuri na vyote, mgongo ukiwa kulia.

Alhamisi Mbuke alifika saa mbili asubuhi. "Shikamoo," alisema, na Fausta alipoitikia, msichana alikuwa ameshaketi chini kwenye mkeka na kukivuta kitabu cha kwanza. Akaanza kuhesabu kurasa. Kila moja. Midomo yake ilicheza, kidole kikasafiri kutoka kulia.

"Zote zipo," Fausta alisema.

Mbuke aliendelea kuhesabu. Maji aliyoletewa hakuyagusa. Fausta alisimama kando ya kibano chake na kujua jinsi kulivyo kusimama upande ule wa meza.

Mbuke alikuwa kwenye kitabu cha tano Wendelin alipoingia na gunia amelikunja kwapani. Alimwona msichana, akamkumbuka.

"Kumbe wewe."

"Shikamoo, mzee." Mbuke hakuinuka. Alikuwa amekumbatia kitabu kifuani.

"Mwanangu, unajua uliniwekea nini shingoni?"

"Kaka Wendelin," Fausta alisema, "daftari lako linasema nini?"

"Linasema yamechomwa."

"Majarida mangapi?"

"Arobaini na manne."

"Hapa kuna vitabu kumi na kimoja. Kama uliyachoma, haya si yale. Kama hukuyachoma, basi kalirekebishe daftari, nami nitakuja kusema nilichokiona. Chagua moja. Ila gunia lako halitatiwa kitu hapa."

Wendelin alimtazama kama asiyemfahamu. Kisha akachukua kitabu cha juu kabisa, cha kumi na moja, akakipekua mbele, nyuma, akapekua tena, mpaka akaufikia muhuri. Aliuwekea dole gumba. Nje, kijana wa bodaboda aliyemleta Mbuke alipiga honi mara moja.

"Mnahamia wapi?" aliuliza hatimaye.

"Lindi. Ndanindani. Hata barabara bado."

"Mbali." Alifumba kitabu, akakilaza juu ya vingine na kukinyoosha ili kingo zikae sawa. "Wino wetu ule ulikuwa mbaya. Ukipata unyevu unafutika." Akamgeukia Fausta, na sauti yake haikuwa na urafiki. "Na wewe, nikisikia umemwuliza mtu mwingine..."

"Nilimwuliza mtu mmoja. Inanitosha."

Wendelin alitoka na gunia lake likiwa tupu. Walimsikia akisalimiana na mwenye duka la mbegu, sauti ya kawaida, kama mtu aliyepita tu.

Fausta alidhani sasa msichana angefunga maboksi yake. Mbuke alibaki ameinama. Hesabu ilikuwa imempotea. Alirudi mwanzo wa kitabu cha tano, akaanza upya, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakumtazama Fausta. Honi ilipigwa tena, na tena, halafu injini ikazimwa.

Alipofika katikati, kidole kilipunguza mwendo. Midomo iliacha kuhesabu. Alifunua ukurasa mmoja, akarudi nyuma, akaufunua tena taratibu, na kwenye pembe ya mdomo wake likapita tabasamu dogo lisilomlenga mtu yeyote mle chumbani. Fausta alivua ndala zake mlangoni zisije zikapiga kelele, akaenda kusimama nje, kumwambia kijana wa bodaboda asubiri.