Viatu vya Ghorofa ya Nne

Kila Jumatatu jioni kikundi cha maombi kilikutana sebuleni kwa mshonaji, ghorofa ya nne, viti vikiwa vimesogezwa ukutani na cherehani imefunikwa kitambaa. Chumba cha pili alilala mama yake. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mguu wa kushoto na kumwachia ulimi wote.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema wazi: mama aletwe kliniki kila Jumanne, mguu ungali laini. Ukishakakamaa, basi tena. Lifti ya jengo ilikufa zamani. Kumteremsha akiwa kwenye kiti kulitaka watu wanne wenye mikono, na mshonaji alikuwa mmoja, tena mwembamba.

"Naomba watu wanne kesho asubuhi, wanisaidie kumshusha mama," aliwaambia.

"Tumesikia, dada," alisema mwenyekiti wa kikundi, mwanamke aliyeweza kuomba mpaka chai ikapoa. "Tusimame. Tumwombe Bwana ainue watu."

Wakasimama wote, mchungaji na fundi bomba wakiwemo, wakaomba kwa machozi. Machozi yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Kisha wakanywa chai, wakaenda zao.

Asubuhi mshonaji alipofungua mlango alikuta viatu vyao. Vilikuwa vimepanda ngazi vyenyewe, vikajipanga jozi kwa jozi, ncha zikielekea ndani. Vya mwenyekiti, vyenye visigino, vilitangulia. Vya mchungaji vilikuwa vimepigwa rangi vizuri. Buti za fundi bomba zilinuka kama siku zote. Mshonaji alifurahi, akaona jibu limefika. Akamwogesha mama, akamvika gauni la kutokea, akamkalisha kwenye kiti.

Baadaye kidogo wenye viatu walifika, wengine kwa ndala, mwenyekiti kwa soksi, wote wakihema.

"Bwana asifiwe!" walisema, wakainama kufunga kamba.

"Mama yuko tayari," alisema mshonaji. "Huyu hapa."

"Tunaendelea kumbeba, dada," alisema mwenyekiti. "Kwenye maombi." Akakaza kifungo cha kiatu, akashuka.

Jumanne iliyofuata ikawa vilevile. Waliofungia viatu kabatini walivikosa kabatini. Fundi bomba alilala navyo miguuni, akaamka peku. Mtu mwenye akili ya kawaida angejiuliza viatu hivyo vinamwita wapi na kufanya nini. Wao walimngojea mchungaji awaeleze, na mchungaji akaeleza Jumapili, kwa kirefu: mlango wa dada yetu umekuwa mahali patakatifu, ndiyo maana viatu vinavuliwa pale. Kanisa zima likasema amina. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukanyaga ndani, na mkutano wa Jumatatu ukahamia kwa mwenyekiti.

Wanaume wa kanisa wakachonga rafu ya viatu, ya mbao ngumu, nzito. Wanne kati yao waliibeba mabegani ngazi baada ya ngazi, mchungaji na mwenyekiti wakifuata nyuma, wakipeana maelekezo kwenye kona: inua huku, taratibu, usiikwaruze. Mama aliwatazama kutoka kwenye kiti chake mpaka walipoitua nje ya mlango.

"Wanajua kubeba," alisema.

Hapo uvumilivu wa mshonaji ulikwisha.

"Mmewezaje kupandisha mbao mpaka huku, na mama yangu mmeshindwa kumshusha?"

"Dada, imani ni kungoja," alisema mchungaji kwa upole. "Usimpangie Mungu."

"Mungu sijampangia kitu, Mchungaji. Niliwaomba ninyi."

Wakatazama chini. Fundi bomba akakohoa. Kwa muda mfupi ilionekana kama kuna mtu angesogea.

"Hasira nayo tuiombee," alisema mwenyekiti, na wote wakafumba macho kwa haraka.

Mtaalamu wa kliniki alipiga simu: Jumanne ijayo ndiyo ya mwisho, baada ya hapo asingeahidi kitu. Mshonaji akatuma ujumbe kwa kila mtu wa kikundi. Wote walijibu kwa alama ya mikono iliyokunjwa ya maombi, ile ya kwenye simu.

Jumanne hiyo viatu vilikuja vingi kuliko wakati wowote, hata vya kwaya. Rafu ikajaa, vingine vikasimama kwenye ngazi. Mama alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, amefungwa kilemba kipya, mkoba mapajani. Waumini walipanda mmoja mmoja, wakachukua vyao.

"Mama, umependeza!" alisema mwenyekiti. "Safari ya wapi leo?"

"Chini," alisema mama.

"Bwana akutangulie."

"Amina," alijibu mama, kwa kuwa alilelewa vizuri.

Wakashuka wote, viatu vikilia kwenye ngazi mpaka mlango wa chini ukafungwa. Mshonaji akapiga magoti, akaukanda mguu wa mama kwa mafuta. Ulikuwa umeshaanza kuwa mgumu.