Nyumba ya Mchumba wa Aida

Mimi ni mtu wa kinyaa, sifichi. Lakini kinyaa nilichokipata mtaa wa Handsworth siku ile hakina sabuni.

Aida ni binti wa kaka yangu Mwinjuma. Anasoma chuo hapa Birmingham, anaishi kwangu, na tangu aanze kusomeshwa riwaya za kale za uchumba wa Kiingereza, kichwa kimemharibika. Humo, ananiambia, mwanamume hapimwi kwa maneno yake, anapimwa kwa nyumba: vyumba vingapi, ngazi ya namna gani, dirisha linatazama bustani au ukuta. Nikamwambia huo si uchumba, huo ni udalali. Akacheka.

Basi Faisal, kijana anayehudumia wazee majumbani mwao, alipoleta posa, kaka akanipigia kutoka Tanga. "Wewe ndiye macho yangu. Nenda ukaone anavyoishi. Neno lako ndilo nitakalolifuata, na nalitaka leo leo."

Tukaenda Handsworth mimi na Aida. Nyumba ya matofali mekundu, ngazi ya mbao, sebule ina meko. Faisal kavaa suti, "Karibu kwangu, shangazi, huu mwaka wa tatu nipo hapa." Aida ananikodolea macho, anasubiri niseme. Nikakiri moyoni kijana anajiweza.

Alasiri ikaingia. Nikamuuliza kibla ni upande gani. Akajiumauma, akatoa simu, akazunguka nayo sebule nzima. Miaka mitatu mtu yumo ndani na hajui anaswali akielekea wapi! Nikauliza bafu. "Juu kuna ukarabati, shangazi," akasema, akasimama mbele ya ngazi. Nikampita. Mie sizuiwi udhu.

Harufu ya mkojo ilinipokea kabla sijafika juu. Mlango wa chumba cha mwisho umezuiwa na kiti kwa nje. Nikakiondoa. Ndani kuna bibi wa Kiingereza, kakaa kitandani, nepi imejaa mpaka godoro limelowa, chai imeganda utando kikombeni.

"Watu wa manispaa wameondoka?" akaninong'oneza. "Wakinisikia watanitoa nyumbani kwangu."

Aliitwa Bi Beverly. Nyumba ni yake.

Nyongo ilinipanda. Nikamkosha, nikambadilisha nguo. Faili lake la huduma lilikuwa mezani. Nikaipigia namba iliyoandikwa humo, nikamweleza msimamizi wa Faisal kila kitu. Halafu nikamwita Aida apande. Nilitaka aone kwa macho yake amenusurika na mtu gani.

Akasimama mlangoni, mtandio puani. Bi Beverly alipomwona, uso ukamkunjuka.

"Aida mpenzi, nimekaa kimya kama ulivyoniambia."

Nikamtazama mtoto wa damu yangu. Hakukana, wala hakulia.

"Ni kwa muda wa saa mbili tu, shangazi," akasema. "Ungemkubali kwenye kile kichumba chake cha kupanga mtaa wa Ladywood?"

"Ningemkubali."

Akainamisha kichwa, akashuka kumfuata Faisal. Hata pole hakumpa bibi wa watu.

Simu ikalia. Kaka. "Vipi, anatufaa?"

"Hafai."

"Basi mpoze mwanangu, dada. Moyo wake mwepesi yule, asije akaumia."

Nikamwitikia ndiyo, na mate ya kutaka kutapika yamenijaa mdomoni.