Mkono wa Kushoto Mfukoni

Mwenye mtoto anayechezea umeme nyumbani, hata kama mtoto huyo ana miaka thelathini na mitatu, asome hapa kabla hajachomoa plagi yoyote. Mimi niliishia darasa la nne kule kisiwani kwetu São Miguel, na hapa mjini Fall River, ng'ambo ya bahari, nimeshona mapazia kiwandani miaka ishirini na sita. Umeme siujui. Ila hili nililiona kwa macho yangu, Jumamosi mchana, mkate ukiwa kwenye oveni.

Binti yangu Idalina anakaa ghorofa ya chini yangu. Anaunda saa za taa za kizamani: vichupa vya kioo, ndani yake tarakimu za waya zimepangana, na inayopata umeme inawaka rangi ya kaa la moto. Zinapendeza, sikatai. Lakini zinataka volti mia moja na sabini, na transfoma yenyewe kaitoa kwenye redio kuukuu.

Wenzake wa kazi hiyo wana sheria: saa ikiwa wazi na inawaka, unaigusa kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto unakaa mfukoni, umeme usije ukavuka mkono hadi mkono ukapita moyoni. Niliposikia hivyo nikamshonea aproni yenye mfuko mkubwa kushoto. Tangu siku hiyo nikishuka kwake siangalii saa, naangalia mfuko.

Jumamosi hiyo alikuwa amenuna. Taa ya tatu inawaka kwa nguvu, ya nne imefifia kama mgonjwa. Dakika ikibadilika, zinapokezana.

"Nimebadilisha taa, nimesugua miguu yake ya waya, bado tu!"

"Acha, njoo ule."

"Mama, nina miaka thelathini na mitatu."

"Na mimi sitini na moja, na bado nakula."

Akainama, pua karibu iguse waya. Nikashindwa kuvumilia. Nikapitisha mkono nyuma ya kabati, nikachomoa plagi polepole, kimya. Tarakimu zikazimika.

"Aa! Sasa imekufa kabisa. Kuna waya umeachia," akasema, na mkono wa kushoto ukatoka mfukoni. Mikono yote miwili ikaenda kwenye saa.

"Mkono!" nilipiga kelele. Sikujua lolote jamani. Niliona tu mfuko mtupu.

Akasimama vidole hewani. "Mama! Utaniua kwa presha!"

"Rudisha mkono!"

"Si imezima?" Kisha akaona plagi mkononi mwangu. "Umechomoa wewe?"

Akarudisha mkono mfukoni, akachukua mita ya umeme, akapima. Akaangalia namba, akaketi.

"Volti mia moja ishirini na nne," alisema taratibu. "Taa huzima umeme ukipungua tu, Mama. Unaobaki umejificha kwenye kapasita hii inayouweka akiba, unanisubiri."

Nikaitupa plagi sakafuni. "Kwa hiyo mimi ndiye ningekuua."

"Na wewe ndiye umeniokoa. Tuseme sare." Akanikumbatia, tukacheka na kulia pamoja, hadi harufu ya mkate unaoungua ikatushukia kutoka juu.

Kabla ya kula alifunga rezista ya kunyonya umeme unaobaki. Alipokuwa anafunga nikamuuliza, "Hizo taa mbili zinanyonya ziwa moja? Mapacha wa dada yangu Lurdes walikuwa hivyohivyo, mmoja anashiba, mwingine analia."

Akageuka kunitazama. "Nimezipa zote mbili rezista moja ya kupitishia umeme," akasema. "Nilikuwa nabana nafasi."

Akaipa kila taa rezista yake. Ilipofika saa kumi na nusu, taa zote nne zikawaka sawasawa, nasi tunakula mkate tuliokwangua masizi.

Plagi yake sigusi tena. Nikiingiwa na hofu namwita kwanza kwa jina, nangoja ageuke, ndipo naongea. Nanyi fanyeni hivyo. Taa iliyozima isiwadanganye.