Kijiko cha Hortensia

Mama yangu, Hortensia, alikuwa na namna yake ya kumwita mbwa. Aligonga ukingo wa sahani ya bati kwa kijiko, kisha akanyamaza. Popote alipokuwa, Pulga alitoka mbio, kucha zikiteleza sakafuni. Jina lake kwa Kihispania maana yake kiroboto, na lilimfaa: kambwa ka kuenea ndani ya kofia.

Mama alipofariki, baba aligawa nguo zake zote. Kijiko hakukigawa. Kila asubuhi alitoka uani na sahani, akagonga, na Pulga akaja akimtafuta mama nyuma ya miguu ya baba.

"Hayupo, mwanangu," baba alimwambia. "Kula tu."

Siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote mpaka jioni. Mimi bintiye niliishi naye nyumba moja, nikamwonea wivu yule mbwa.

Jirani yetu, Bi. Glenda Prewitt, alihamia mji wetu wa Tucson kutoka nchi ya theluji. Alisema amekuja kuishi kwa amani na jangwa. Sisi tuliozaliwa hapa hatuna amani na jangwa, tunaviziana nalo. Kando ya mlango tunaweka mkebe wa kahawa uliotiwa kokoto. Koyote, yule mbweha wa huku, akichungulia, unautikisa mkebe na kumpigia kelele mpaka arudi korongoni kwake. Mgeni huona ni ukatili. Lakini koyote anayetuogopa huzeeka.

Bi. Glenda alikuwa na koyote jike mwenye mguu uliopinda. Alimpa jina, Rozi, na mapaja ya kuku juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Baba alipoona mifupa, akaenda kwenye ukuta unaotenganisha nyua zetu.

"Jirani, unamlisha nani huko?"

"Namlisha mlemavu, Anselmo. Wewe una roho ya miba kama hilo dungusi lako."

"Dungusi langu halijala mbwa wa mtu."

"Rozi hana hata nguvu za kumkimbiza sungura!"

"Ndiyo maana atatafuta kisichojua kukimbia."

Bi. Glenda akacheka. "Una wivu tu, mzee. Mimi nikiita, anakuja. Wewe ukiita anakuja nani?"

"Pulga," baba akajibu, wala hakuwa anatania.

"Feli!" Bi. Glenda akanipazia sauti. "Mtafutie baba yako mke!"

Hakuna aliyemuuliza anamwita kwa mwito gani huyo Rozi wake.

Asubuhi moja ya Machi, baba alitoka na mayai yaliyochanganywa na nyama kavu. Mimi nilikuwa naosha vyombo dirishani. Akagonga sahani. Pulga akainuka pale alipokuwa akiota jua. Na juu ya ukuta, pale ulipobomoka kidogo, akatokea Rozi.

Hakunyata. Alikuja kama aliyeitwa.

Baba aliruka akauchukua mkebe, akautikisa, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kooni mwake. Rozi alimtazama tu. Kwake kelele za binadamu hazikuwa na maana yoyote. Maana ilikuwa kwenye sahani. Hakunguruma. Alimchukua Pulga kama mtu anavyochukua alichopakuliwa, akapanda ukuta kwa mguu wake uleule mbovu, akaenda zake.

Baba alivuka hadi mlangoni kwa Bi. Glenda, sahani mkononi, nami nyuma yake. Hakubisha hodi. Aligonga kile kijiko.

Bi. Glenda alifungua huku uso umemshuka. "Kwa nini unapiga hivyo?"

"Wewe ulijifunzia wapi kuita hivi?"

"Kwa Hortensia," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa namsikia kila siku. Ulikuwa mwito mzuri, Anselmo. Sikudhani..."

"Kuku ulinunua mwenyewe. Mwito ukauiba kwa marehemu."

Akaja Lyle, mtega wanyama tuliyemwita, mtu mpole mwenye kofia iliyofifia. Aliweka mtego wa wavu wa chuma karibu na lile jiwe, akatia nyama ndani. Rozi alitoka korongoni, akauzunguka kwa mbali, akakataa.

"Huwa anaitwa vipi mpaka aje?" Lyle akauliza.

Bi. Glenda alikishika kijiko chake kwa mikono miwili. "Mtampeleka milimani, sivyo? Kule kuna maji."

"Mama, huyu ameshazoea watu. Nikimpeleka milimani atashuka kwenye ua wa kwanza atakaouona. Haendi milimani."

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, akaanza kulia. "Basi simwiti."

"Leo ndiyo unajua kunyamaza," baba akasema.

Akagonga yeye. Rozi akaja akichechemea, akampita Bi. Glenda bila kumtazama, akaingia mtegoni. Mlango ukaanguka nyuma yake. Hakuhangaika. Alikaa chini, akamkazia macho baba, akisubiri chakula chake.

Baba alirudi nyumbani, akakiosha kijiko, akakitupa kwenye droo pamoja na vingine. Siku hizi nikiandaa meza siwezi kukitambua.

Haikupita wiki. Tulikuwa tunakunywa kahawa, mlango wa uani uko wazi, tukasikia bati likigongwa kwa kijiko, kisha kimya.

Baba aliinua kichwa upesi. Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeitwa na mkewe. Ulidumu hivyo kitambo kidogo, kisha akakumbuka, nami nikamwona akikumbuka.

Ng'ambo ya ukuta Bi. Glenda alikuwa amesimama kando ya jiwe, sahani mkononi, anatazama korongoni.

Baba akauchukua mkebe. Alimwendea hadi ukutani, akautikisa, akapiga kelele, akautikisa tena, mpaka yule mwanamke akaanza kurudi kinyumenyume, akageuka, akakimbilia ndani.