Dirisha la Benedikta

Jilala alipuliza mafuta kwenye bawaba za dirisha, na kutu ikatiririka ukutani kama chai ya rangi. Nje, lori la serikali lilikuwa likipakia vyombo vya jirani. Ilikuwa siku ya kuhamia kijiji cha ujamaa, upande wa pili wa Urambo, na kila mwenye nyumba aling'oa alichoweza: mabati, milango, hata vizingiti.

"Hicho kikopo ndicho kinachokula kutu?" aliuliza baba yake, Mzee Masolwa, aliyeketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ndicho, baba. Tunakitumia karakana ya reli, kule Tabora. Unapuliza, kisha unasubiri."

Wakasubiri. Dirisha hilo la chuma lilikuwa fahari ya Masolwa tangu mavuno yake ya kwanza ya tumbaku. Masika moja likashikwa na kutu, likagoma, chumba kikabaki giza. Mkewe, Benedikta, alipoanza kubanwa na pumu, aliomba lifunguliwe. Masolwa hakutaka livunjwe. Jilala naye, alipokuja likizo, alisema, "Safari ijayo, mama, nitaleta dawa yake."

Safari ijayo ilikuja na sukari. Nyingine ikaja na kanga na habari za mjini. Kopo lilibaki kwenye rafu ya karakana, hatua moja tu kutoka aliposimama kila siku. Mama hakukumbusha. Hakuwa mtu wa kudai. Walimzika kiangazi kilichopita.

Dirisha silo lililomuua. Daktari alikwisha kusema mapafu yamechoka. Jilala alijiambia hivyo mara nyingi.

Akasukuma kwa kiganja. Dirisha likafunguka bila hata kulia. Mwanga ukamwagika juu ya kitanda cha kamba, na upepo ukaingia na harufu ya mvua.

"Kumbe ni hivi tu?" alisema Masolwa.

 Jilala alitoa spana, akaishika nati ya fremu. Hakuizungusha.

"Tutalifunga kwenye nyumba mpya, baba. Litakufaa."

"Mlango chukua." Mzee alikivuta kitanda hadi chini ya dirisha, akaketi upande aliokuwa akilaza kichwa mkewe. "Hili liache. Na usilirudishie."

Lori likapiga honi. Dereva aliita jina la Masolwa, akaita tena. Jilala akaketi kando ya baba yake, na hakuna aliyeitika.