Walivyomtoa Mukaaka

Katika watu wote waliokuwa na gari upande wa Muleba mwaka ule wa hamsini na tano, ni Mushumbusi wa Kagoma peke yake aliyekuwa akiliamkia gari lake asubuhi. Usicheke. Alitoka nje na mswaki mdomoni, akagonga boneti mara mbili, akauliza, "Mukaaka, umelalaje?" Mukaaka kwa Kihaya ni bibi, na bibi huamkiwa kabla ya kuku kufunguliwa.

Lilikuwa Ford la mwaka thelathini na sita, mbele chuma, nyuma bodi la mbao. Alilinunua kwa Mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa aliyekuwa akirudi kwao, kwa fedha alizopewa alipotoka Burma, alikoendesha malori ya jeshi miaka mitatu bila kupinduka hata mara moja, habari ambayo hapakuwa na mtu Kagoma ambaye hajaisikia. Kwa miaka tisa Mukaaka alibeba kahawa, alibeba ndizi, alibeba mbao za kanisa. Wanawake watatu walijifungulia humo humo wakiwa njiani kwenda hospitali. Waliofia mjini walirudishwa naye, wakazikwa katika vibanja vyao vya migomba kama inavyotakiwa. Na kila muhula alimpeleka Penina, binti wa pekee wa Mushumbusi, shule ya bweni, sanduku lake juu na yeye mbele karibu na baba yake, wakiimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa ili kushinda kelele za injini.

Sasa bei ya kahawa ilikuwa imepanda, na watu wakapanda nayo. Mtu ambaye jana alikuwa akitembea peku leo alikuwa na gari jipya linalong'aa hata kuku wakajitazama humo. Wakaanza kumtania Mushumbusi. Bibi atastaafu lini? Bibi bado ana meno? Yeye akajibu kwamba atalibadilisha gari siku atakayombadilisha mke wake.

"Ahsante," akasema mkewe, Alistidia. "Nimefurahi kujua nimewekwa kundi moja na nani."

Mushumbusi alicheka, lakini moyoni hakuwa akitania. Kahawa yake nayo ilikuwa imeuzwa vizuri, na angeweza kununua jipya kama angetaka. Hakutaka. Aliona kwamba mtu anayeweza kukitupa kitu kilichomtumikia hivyo, kesho atamtupa mtu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Mushumbusi alimkabidhi funguo za Mukaaka bila kufikiri mara mbili, naye ni Karugendo, karani wa Miembeni, Bukoba mjini. Hawa wawili walikuwa wamechanjiana omukago, undugu wa damu, tangu ujana wao. Punje ya kahawa iligawanywa nusu, kila nusu ikapakwa damu ya mmoja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Mchungaji hakuupenda mchezo ule, wao wakamjibu kwamba damu imekwisha kumezwa na hakuna wa kuitapika. Tangu siku hiyo nyumba ya huyu ikawa ya yule. Mtu wa omukago hamnyimi mwenzake, wala hawanyimi watoto wa mwenzake wanachomwomba, na siri aliyopewa na yeyote wa nyumba ile haitoi. Ndiyo maana, gari liliponunuliwa na ofisini wakataka jina la mtu mwenye sanduku la posta, Mushumbusi hakusita. Liandikwe jina la Karugendo, akasema. Jina lake na langu ni moja.

Mwezi mmoja kabla ya harusi ya Penina, mashangazi wa bwana harusi, mwalimu Ishengoma wa Kahororo, walikuja Kagoma kwa mazungumzo, na Mushumbusi akawarudisha mjini mwenyewe. Kwenye mlima wa Muhutwe Mukaaka alichoka. Mvua ilikuwa imenyesha, ikabidi wale mashangazi washuke wasukume, matope mpaka magotini, na mmoja akatunga wimbo hapo hapo juu ya bibi anayebebwa na wajukuu. Mushumbusi aliuona wimbo ule mzuri kweli. Aliucheka mpaka Kemondo. Penina, aliyekuwa ameketi karibu naye, hakucheka, na baba yake akadhani ni aibu ya uchumba.

Wiki iliyofuata Karugendo alifika Kagoma, akanywa rubisi kidogo, akamwita mwenzake kwa jina la omukago, "Munywani, nipe Mukaaka nimpeleke mjini kwa fundi. Siku ya harusi asije akatuchezea tena."

Mushumbusi akampa funguo. Akampa na mkungu wa ndizi.

Zikapita wiki mbili. Kila aliyetoka mjini alikuja na salamu za Karugendo kwamba gari bado liko kwa fundi. Jumatano ya wiki ya harusi Mushumbusi alishindwa kuvumilia, akadandia lori la kahawa, akashuka Bukoba saa nne asubuhi, akaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa Mhindi auzaye magari, ambako mafundi wa mjini walifanyia kazi.

Aliziona mbao kwanza. Zilikuwa zimepangwa ukutani, zile zile alizozipaka vanishi kwa mkono wake kila mwaka. Kisha akaiona chesi, mifupa ya gari, uchi, haina magurudumu wala injini, imelazwa juu ya mawe. Fundi mmoja aliyeitwa Saburi alikuwa akifungua kitu kwa spana huku akipiga mluzi.

"Gari hili limefanya nini?" Mushumbusi akauliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali.

"Limezeeka, mzee. Bwana Karugendo amelitoa, akaongeza fedha, akachukua jipya. Hili tunauza vipande."

"Karugendo mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kadi ya gari si yake?"

Mushumbusi akaenda ukutani. Alichukua ubao mmoja, akauangalia, akaurudisha. Burma aliona mengi, lakini kule aliyekuwa akimpiga risasi hakuwa amemeza damu yake. Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani kwa Karugendo, Miembeni, gari jipya la kijani lilikuwa limesimama mlangoni. Karugendo alikuwa barazani na jirani zake wawili. Alipomwona mwenzake anakuja kwa miguu, akasimama, na uso wake ukasema kila kitu kabla ya mdomo.

"Munywani, karibu ndani tuongee."

"Tutaongea hapa hapa. Mukaaka yuko wapi?"

Karugendo akatazama chini. "Gari hili ni lako. Kama lile lilivyokuwa lako."

"Nilikuomba gari?"

"Hukuniomba."

"Basi kwa nini? Niambie sababu moja tu, Karugendo. Hata ya uongo."

"Siwezi kukwambia," akasema. "Nisamehe. Siwezi."

Kama angesema alipungukiwa, Mushumbusi angemsamehe. Kama angesema shetani alimpitia, pia. Lakini mtu amekuuza kwa vipande, halafu anakunyima hata neno! Hapo damu ilimchemka. Alisema mbele ya wale jirani, kwa Kihaya, taratibu ili kila mmoja asikie, kwamba kuanzia siku ile hana ndugu anayeitwa Karugendo. Asikanyage kibanja chake. Asile kwake. Kwenye harusi ya Penina asionekane mbele ya macho yake, na yeye Mushumbusi akifa, asije kumzika.

Jirani mmoja alishika kichwa. Watu waligombana, ndiyo, watu walishitakiana, lakini hakuna aliyewahi kusikia mtu akitamka hayo kwa mwenzake wa omukago. Karugendo hakujitetea. Alisema tu, "Nimesikia," akaingia ndani.

Mushumbusi alirudi Kagoma akalala siku mbili kama mgonjwa. Alistidia alipoletewa habari hakusema kitu, jambo ambalo si kawaida yake, akawa anapika na kupakua tu. Mushumbusi alisema Penina asiambiwe, asije akaharibikiwa na furaha yake. Ijumaa jioni Saburi alilileta lile gari la kijani, akalisimamisha pale pale alipokuwa akilala Mukaaka, akatoa funguo.

"Bwana Karugendo amesema ni la bibi harusi. Yeye haji."

Mushumbusi alitaka kulisukumia bondeni. Alistidia akamshika mkono.

"Kesho mtoto ataenda na nini? Juu ya magunia ya kahawa? Chukia baada ya harusi, waitu, nakuomba. Muda upo."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Mushumbusi, katika suti yake, aliketi nyuma ya usukani wa gari alilolichukia kuliko kitu chochote duniani. Penina aliketi karibu naye, shela imejaa mapajani, kwa sababu alikataa kukaa nyuma na mama yake na wasimamizi wake. Gari lilipanda Muhutwe kama halijui kwamba ni mlima. Wale wasichana nyuma wakapiga vigelegele. Penina alikuwa akicheka peke yake, akigusa kioo, akigusa kiti.

"Na Baba Karugendo tutamchukua wapi?" akauliza. "Aliniahidi ataendesha yeye, na kanisani atakaa mkono wako wa kulia."

"Haji."

"Anaumwa?"

Mushumbusi alikuwa amejiapiza atamwambia baada ya harusi. Lakini uchungu ukisha kuchachuka hautulii chunguni. "Nimekwisha kuachana naye," akasema. "Nilimwambia mbele ya watu asinione tena, hata mazikoni. Mtu aliyenitolea gari langu kwa siri, nikamwuliza sababu mara mbili, akashindwa kunipa. Mtu kama huyo wa nini?"

Vigelegele vya nyuma vilikatika. Penina alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye glavu.

"Taata," akasema. "Ni mimi niliyemtuma."

Gari likaendelea kwenda. Mushumbusi aliangalia barabara tu.

"Siku ile walipokuwa wanasukuma. Wewe uliucheka ule wimbo, Taata. Mimi nilikuwa nausikia usiku na mchana. Wameuimba Kahororo nzima, hata watoto wa shule ya Ishengoma wanauimba. Nikamwandikia Baba Karugendo. Nikamwomba kama mtoto wake, nikamwambia asikwambie kamwe kwamba ni mimi. Alikataa mara ya kwanza. Nikamwandikia tena, nikamwambia basi sitaolewa."

"Ungeniambia mimi."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ningekataa, na leo ningekuwa na ndugu yangu!"

Penina akaanza kulia, shela na vipodozi na vyote. Mushumbusi alitazama kwenye kioo kidogo cha juu akayatafuta macho ya mke wake. Alistidia alikuwa akiangalia dirishani. Hakushangaa hata kidogo, na hapo Mushumbusi akajua kwamba naye alijua, na kwamba katika nyumba yake mwenyewe alikuwa peke yake siku zote hizo, akila mezani na watu waliokwisha kukubaliana. Yule aliyetukanwa naye ndiye pekee aliyekuwa amelinda kiapo. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko ya Jumatano, lakini sasa haikuwa na mtu wa kumwangukia. Mmoja alikuwa mtoto aliyevaa shela, mwingine mama yake, na wa tatu alikuwa yeye mwenyewe.

Walipofika Bukoba hakuelekea kanisani. Alikata kona kwenda Miembeni, akasimama mbele ya nyumba ya Karugendo, akashuka.

Karugendo alikuwa barazani peke yake, amevaa suti. Alikuwa ameivaa tangu asubuhi, ya nini hakuna aliyejua, pengine naye hakujua. Penina aliteremka akakimbia, akapiga magoti mbele yake na nguo yake nyeupe pale pale vumbini. Karugendo akamwinua. Alimpangusa magoti, akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa maneno mengi ya Kihaya, mazuri, ya baba kwa bintiye.

Mushumbusi alisubiri. Kisha akasogea.

"Ameniambia," akasema. "Sikujua. Munywani, sikujua. Ingia kwenye gari twende, watu wanangoja."

Karugendo alimgeukia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ulitamka maziko," akasema. "Miaka ishirini na sita, na hukuweza kunidhania jema hata kwa siku moja."

"Nimekosa."

"Ndiyo."

"Basi twende."

"Kwa mtoto nitakuja. Tangulieni, kanisa si mbali, nitatembea."

Alikuja kweli. Kengele ya pili ilipolia Mushumbusi alimwona akiingia kwa mlango wa pembeni, kofia mkononi. Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi mkono wake wa kulia, akaipigapiga kwa kiganja ili mwenzake aone. Karugendo aliona. Akapita taratibu nyuma ya viti, akaenda kukaa upande wa pili, katikati ya wale mashangazi wa Kahororo, na mmoja wao akamkaribisha kwa kumwuliza yeye ni nani kwa bibi harusi.