Theluji ya Kabla ya Januari

Mwaka 2004, siku ya tatu ya Ramadhani, ilikuja barua kwamba Hala amepata nafasi ya kusoma Ireland na ataondoka Sur, mji wao wa pwani ya Oman, tarehe sita Januari. Mama yake, Kaltham, alifurahi, akalia kidogo jikoni, kisha akachukua kalenda ya ukutani akaanza kuhesabu wiki zilizobaki.

Alitaka kitu kimoja kabla mtoto hajapanda ndege. Alitaka amwonyeshe theluji yeye mwenyewe. Kaltham alizaliwa Moshi, na mpaka walipohamia Oman akiwa na miaka kumi na tatu, kila asubuhi iliyokuwa haina mawingu baba yake alimwita uani aitazame Kibo ilivyo nyeupe. Hala alizaliwa Sur, mahali ambapo baridi kali kabisa ni ya kuvaa sweta alfajiri na kulivua saa tatu.

Shida ilikuwa tarehe. Theluji ya Oman, ikianguka, huanguka juu ya mlima wa Jabal Shams, upande wa pili wa Nizwa, na mara nyingi ni mwisho wa Januari au Februari. Kaltham alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani kwao, maana alikuwa akisomesha jiografia skuli ya wasichana mwaka wa kumi na sita sasa. Hata hivyo kila usiku baada ya futari alikaa mbele ya televisheni akingojea ramani ya hali ya hewa, na mtu akisema neno anamnyamazisha kwa mkono.

"Mama, nitaiona huko huko," Hala alimwambia. "Nitaiona mpaka nichoke."

"Ya huko si ya kwetu."

"Theluji ni theluji, mama."

Kaltham akampigia simu Khalaf, mtoto wa ami yake mumewe, aliyekuwa na kazi ya serikali Al Hamra, chini ya mlima. Alimpigia karibu kila siku. Mwanzo Khalaf alikuwa akifurahi. Kufika katikati ya Novemba alikuwa akipokea kwa kusema, "Shemeji, jua," kabla hajasalimiwa.

Baada ya Idi walitoka mara ya kwanza. Televisheni ilionyesha mawingu makubwa yakija kutoka kaskazini, na Kaltham akamwamsha mumewe, Thani, baada ya sala ya alfajiri. Walipita Al Kamil, wakafika Ibra, wakasimama kutia petroli. Hapo simu ikalia. Khalaf alisema mawingu yameondoka yote, mbingu imefagiwa. Thani aliitazama pampu, akamtazama mkewe, akageuza gari, na Kaltham anamwomba mara moja tu tena.

Mara ya pili ilikuwa wiki ya mapumziko ya sikukuu ya taifa. Safari hii walifika mpaka juu. Waliwakuta Wazungu wamevaa fulana wanakula machungwa kwenye ukingo wa bonde, na jua kali. Hala aliwapiga picha mbuzi. Kaltham alibaki ndani ya gari na koti lake la sufu mapajani, koti alilolinunua makusudi kwa siku ile.

"Sasa khalas," Thani alisema wakati wa kurudi. "Masaa matano kwenda, matano kurudi. Mgongo wangu huu si wa serikali."

"Mara moja tu tena."

"Uliniambia hivyo Ibra."

Desemba iliingia. Pwani hewa ilipoa, unyevu ukapungua, watu wakaanza kulala bila ya kiyoyozi. Wifi yake, Turkiya, kila akija kwa kahawa humwuliza, "Haya, mwalimu, imeanguka?" na huku anacheka. Kaltham alikuwa akicheka naye, halafu mgeni akiondoka anaviosha vikombe kwa kishindo.

Tarehe ishirini na tatu Khalaf alipiga yeye mwenyewe. "Shemeji, mambo yamebadilika. Tangu jana mvua, upepo, na mtu aliyeshuka leo anasema kule juu ni digrii tatu. Mkitaka kuja, njooni."

Thani alinung'unika tangu Sur mpaka Nizwa, lakini aliendesha. Al Hamra walimchukua Khalaf. Hala akamwambia, "Shikamoo, ami," naye akaingia nyuma na blanketi lake. Wakapanda barabara ya vumbi, siku ile matope matupu, magurudumu yanateleza, Kaltham ameshika mlango na mkono wa pili anafuta ukungu wa kioo. Walipopita kona ya mwisho, Hala alipiga ukelele.

"Thalji! Mama, theluji!"

Chini ya miti mbele yao ardhi ilikuwa nyeupe. Thani hajasimamisha gari vizuri Hala ameshafungua mlango. Alikimbia, akainama, akajaza viganja vyote viwili, akarusha juu. Alikuwa akicheka kama alivyokuwa akicheka akiwa na miaka sita. Kaltham alikuwa hajamwona hivyo muda mrefu.

"Alhamdulillahi," Thani akasema. "Haya, umepata yako. Turudi salama."

Kaltham alishuka taratibu. Akaokota konzi moja. Zilikuwa punje ngumu, za mviringo, kubwa kama dengu, zinateleza vidoleni. Alizitazama muda mrefu. Khalaf alikuja kusimama karibu naye, naye akatazama, wakajua wote wawili.

"Mwache," Khalaf alimnong'oneza.

Kweli alitaka kumwacha. Lakini Hala alikuja mbio na kamera, akasema, "Nipige picha, mama, nataka kuwaonyesha wenzangu huko kuwa na sisi tunayo," na Kaltham akaona watu wa Ireland wanaitazama ile picha na kumcheka mwanawe.

"Hii si theluji, binti yangu. Ni mvua ya mawe."

Hala aliteremsha kamera. "Nini?"

"Barafu tu. Theluji ni laini, inashikana. Hii..."

"Kwa nini umeniambia?" Sauti ya Hala ilipanda. "Miezi miwili unanisumbua na hii theluji yako. Nimefika, nimefurahi. Kwa nini hukuniacha tu?"

Alirudi garini akafunga mlango. Kaltham alibaki pale mpaka punje zikamwishia mkononi na mkono ukafa ganzi.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Sur nzima ilipata habari kwamba wameiona theluji. Thani alimwambia kila mtu msikitini. Turkiya alikuja na keki. Kaltham alisema ni mvua ya mawe, akamweleza huyu, akamweleza yule, mpaka Turkiya akamwambia, "Lakini wewe nawe, ilikuwa nyeupe, ilikuwa baridi, unataka nini tena?" Na Hala aliyekuwa amekaa pale akasema, "Mwulize."

Tarehe sita Januari Hala aliondoka. Uwanja wa ndege alimkumbatia mama yake kwa nguvu, wakaombana radhi, lakini habari ya mlima hakuna aliyeitaja.

Theluji ilianguka Jumatatu ya kwanza ya Februari. Kaltham alikuwa darasani. Khalaf alipiga mara tisa. Alipopokea, Khalaf alikuwa anapiga kelele kwa furaha: imelala mpaka barabarani, watu wanatoka Maskati kuja kuitazama. Kaltham aliomba ruhusa, mudira, mkuu wa skuli, akamwambia mitihani inaanza kesho, haiwezekani. Jioni alimpigia Hala amwambie. Kabla hajasema, Hala alianza yeye: viatu vimelowa, hawezi kwenda chuoni, chumbani hakuna joto, chakula hakina ladha, na anataka kurudi nyumbani. Alikuwa akilia. Kaltham alimsikiliza nusu saa, akamfundisha namna ya kukausha viatu kwa magazeti, akakata simu. Hakumwambia.

Ijumaa Thani mwenyewe alisema twende. Mlimani theluji imeshayeyuka; walikuta mawe yaliyolowa, makopo yaliyotupwa na magari ya mwisho yakishuka. Khalaf aliwangojea nyumbani kwake Al Hamra. Aliona haya kidogo, akafungua friza akatoa chombo cha plastiki kilichokuwa katikati ya samaki.

"Nilikuwekea, shemeji. Siku ile ile."

Theluji ilikuwa imegeuka bonge la barafu, kijivu, na linanuka samaki. Kaltham alilishika kwa mikono miwili. Machozi yakamjaa, na huku anacheka, na hasira zake bado ziko pale pale.

"Ahsante, Khalaf," alisema. "Mwakani ukipiga simu, nitaiacha hiyo mitihani."

"Mwakani na nani?" Thani aliuliza kutoka mlangoni.

"Na wewe. Nani mwengine?"

Thani akapumua kwa nguvu, akaenda kuwasha gari.